TAHARIRI: Kujivunia Tuanzebe hakutoshi, Bunia ina watoto wengine

Novemba 2025 iliwaachia Wakongo furaha ambayo hawakuwa wameionja kwa miaka mingi. Tarehe 13, mjini Rabat, nahodha Chancel Mbemba aliifungia DR Congo bao la dakika za majeruhi na kuitoa Cameroon. Siku tatu baadaye, katika mji uleule, Nigeria nayo ilitolewa kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 1-1, na penalti ya mwisho ilipigwa na Mbemba huyohuyo. Baada ya hapo Leopards walibakiza mechi moja, mwishoni mwa Machi 2026 huko Guadalajara, Mexico, dhidi ya mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia. Tuzo ya ushindi katika mechi hiyo ilikuwa kucheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1974, enzi nchi ikiitwa Zaire.

Katika safu ya ulinzi ya timu hiyo yumo mtu ambaye Bunia ina sababu ya pekee ya kumfuatilia. Axel Tuanzebe, beki wa Burnley ya England, alizaliwa Bunia tarehe 14 Novemba 1997. Kila klabu aliyoichezea, kila anapotambulishwa na kila orodha ya kikosi inapotoka, jina la mji huu huandikwa pembeni ya jina lake. Kwa mji ambao ng'ambo hutajwa zaidi kunapokuwa na mauaji, hilo si jambo dogo.

Kujivunia mtoto wa nyumbani ni haki ya kila mji. Lakini fahari ya namna hii haina gharama yoyote, na kitu kisicho na gharama ni rahisi kukifanya kila siku bila kubadilisha lolote. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tuanzebe hakuchezea kwao. Alitunzwa na watu wa mbali, na walichokipanda wao ndicho Kongo inachokivuna leo. Ndiyo maana safari yake inafaa kusomwa vizuri Bunia: kwa ajili ya makofi anayostahili, na pia kwa ajili ya kupima ni kitu gani alichopewa huko ambacho mtoto wa miaka 8 wa Ituri hakipati leo.

Kutoka Bunia hadi kitambaa cha unahodha

Tuanzebe aliondoka Kongo akiwa na miaka 4. Familia ilihamia Rochdale, mji wa viwanda vya zamani vya pamba kaskazini mwa jiji la Manchester. Akiwa na miaka 8 tu aliingia katika shule ya soka ya Manchester United, na huko akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Makocha walimpa kitambaa cha unahodha mapema. Mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya Jimmy Murphy, ambayo klabu hiyo humpa mchezaji bora kijana wa mwaka. Murphy ndiye msaidizi wa Matt Busby aliyeishikilia timu baada ya ajali ya ndege ya Munich mwaka 1958, na kwa watu wa Old Trafford jina hilo lina uzito.

Mechi yake ya kwanza katika timu ya wakubwa ilikuwa Januari 2017, alipoingia kipindi cha pili dhidi ya Wigan katika Kombe la FA. Mei mwaka huohuo alianza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, ugenini kwa Arsenal. Katika miaka hiyo pia aliitwa katika timu za vijana za England, chini ya miaka 19, 20 na 21.

Tarehe 25 Septemba 2019 Manchester United ilipangiwa Rochdale katika Kombe la Ligi. Kocha Ole Gunnar Solskjaer alimkabidhi kitambaa Tuanzebe, aliyekuwa na miaka 21. Kijana aliyeletwa Rochdale akiwa mtoto mdogo aliingia uwanja wa Old Trafford akiwaongoza United dhidi ya timu ya mji uliomlea. Mechi iliisha 1-1 na United wakapita kwa penalti. Wapo wachezaji wakubwa waliomaliza maisha yao ya soka bila kuvaa kitambaa hicho hata mara moja.

Unahodha wa beki una maana yake. Mshambuliaji akikosa nafasi tano na kufunga moja, jioni huimbwa jina lake. Beki akifanya kazi sawasawa kwa dakika 89 kisha akateleza mara moja, jioni hulaumiwa. Kwa hiyo beki anayeaminiwa kuongoza ni yule ambaye wenzake wanajua hatapaniki, anazungumza na mstari wake wa nyuma, na yuko tayari kubeba lawama ya kosa la mwingine. Sifa hizo hazianzi miguuni. Hulelewa, na malezi hayo huchukua miaka.

Miaka ya kuanguka na kuinuka

Anayeitazama kazi ya Tuanzebe kwa picha za siku moja ataona mafanikio tu. Ukweli ni kwamba amepitia mengi ambayo yangemwangusha mwingine.

Alikwenda Aston Villa kwa mkopo Januari 2018, akarudi huko msimu uliofuata, akavunjika mguuni, akapona, na tarehe 27 Mei 2019 alikuwa uwanjani Wembley Villa ilipoifunga Derby County 2-1 na kurejea Ligi Kuu. Aliporudi United ilionekana muda wake umefika. Oktoba 2019 aliumia wakati wa kupasha misuli moto kabla ya mechi dhidi ya Liverpool. Majeraha yakafuatana. Kufikia Oktoba 2020 alikuwa amekaa miezi 10 bila kucheza mechi hata moja.

Mechi aliyorudishiwa ilikuwa ya Ligi ya Mabingwa mjini Paris, dhidi ya Paris Saint-Germain ya Kylian Mbappé na Neymar. United walishinda 2-1, na usiku ule beki aliyezaliwa Bunia alikuwa miongoni mwa waliosifiwa zaidi kwa namna alivyokabiliana na Mbappé. Ni moja ya mechi ambazo vijana wanaojifunza nafasi ya beki wanapaswa kuitafuta na kuitazama: jinsi ya kutoharakisha kuingia, jinsi ya kumpa mwenye kasi nafasi upande usio na hatari, na wakati gani wa kukata mpira.

Miezi mitatu baadaye mambo yaligeuka. Januari 2021 United walifungwa 2-1 nyumbani na Sheffield United, na mpira wa bao la pili ulimgonga Tuanzebe kabla ya kuingia wavuni. Usiku huo yeye na mwenzake Anthony Martial walitukanwa mitandaoni kwa sababu ya rangi yao. Wiki mbili hazikupita, baada ya sare ya 3-3 na Everton, matusi yakarudi. Klabu ililaani. Yeye aliendelea na mazoezi.

Mei mwaka huo, katika fainali ya Ligi ya Europa mjini Gdańsk dhidi ya Villarreal, aliingizwa dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza. Penalti ziliendelea hadi zikawafikia mabeki na makipa. Tuanzebe alipiga yake na kufunga. United walipoteza 11-10 baada ya kipa wao kukosa, lakini kijana aliyeandamwa kwa matusi miezi minne kabla hakukimbia zamu yake.

Baada ya hapo alikwenda Villa tena, kisha Napoli ya Italia, kisha Stoke City, mara nyingi akikaa benchi au kwenye chumba cha matibabu. Mkataba wake na United uliisha 2023. Baada ya miaka mingi ndani ya klabu hiyo tangu utotoni, mechi zake za timu ya wakubwa hazikufika 40. Kwa miezi kadhaa hakuwa na timu.

Septemba 2023 Ipswich Town ya daraja la pili ilimchukua. Kocha wake, Kieran McKenna, alikuwa amefanya kazi Manchester United na alimfahamu tangu ujanani. Hadi Mei 2024 Ipswich ilikuwa imerejea Ligi Kuu baada ya miaka 22, na Tuanzebe alikuwa sehemu ya kikosi hicho. Hata huko balaa halikumsahau: Oktoba 2024 alijikata vibaya nyumbani wakati akiosha vyombo, na kocha wake akaeleza kwamba nusura apoteze kidole gumba. Alipona, akarudi uwanjani, na Julai 2025 akasajiliwa Burnley.

Na baada ya miaka ya timu za vijana za England, alichagua jezi ya nchi alikozaliwa. Alikuwamo katika kikosi cha Leopards kilichokwenda Morocco katika Kombe la Mataifa ya Afrika, ambako safari iliishia Januari 2026 kwa bao la Algeria dakika za mwisho za muda wa nyongeza.

Kilichomshika asidondoke

Nidhamu na imani ya mchezaji mwenyewe ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni ya mpangilio uliomzunguka. Kila alipoanguka palikuwa na kitu cha kumdaka: uwanja wenye nyasi aliokanyaga tangu miaka 8, kocha aliyesomea kufundisha watoto, ligi ya rika lake kila wiki, shule iliyoendelea sambamba na mpira, daktari wa kumtibu, mkataba uliomlipa hata akiwa majeruhi, na kocha wa zamani aliyekumbuka uwezo wake wakati wengine wamemsahau.

Ukiondoa vitu hivyo kimoja kimoja, kipaji kinabaki kilekile lakini mchezaji hapatikani.

Rika lake lililobaki

Sababu za familia kuhama ni za familia yenyewe. Lakini miaka ambayo Tuanzebe alikuwa mtoto mdogo inajulikana vizuri na kila mzee wa Bunia. Vita vya Ituri vilianza 1999 na kuendelea hadi 2003. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 50,000 waliuawa na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Mei 2003, baada ya jeshi la Uganda kuondoka, makundi yenye silaha yaligombania mji mtaa kwa mtaa, na maelfu ya wakazi wakajibanza karibu na kambi ya Umoja wa Mataifa na uwanja wa ndege. Juni mwaka huo Umoja wa Ulaya ulituma kikosi kilichoongozwa na Ufaransa, katika operesheni iliyoitwa Artemis, kuutuliza mji.

Wakati huohuo watoto wa hapa walikuwa wanapewa bunduki. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa tangu kuanzishwa, na hukumu hiyo ilihusu Ituri: Thomas Lubanga alitiwa hatiani kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani kati ya 2002 na 2003. Alihukumiwa kifungo cha miaka 14.

Weka tarehe hizo pembeni ya tarehe za Tuanzebe. Katika miaka ambayo yeye alikuwa anaanza shule ya awali Rochdale, wavulana wachache tu kumzidi kwa umri walikuwa wanafundishwa kubeba silaha katika vilima vya Ituri. Miongoni mwao bila shaka walikuwamo wenye kasi, wenye akili ya mchezo, wenye sauti ya kuongoza wenzao. Hakuna atakayejua majina yao kwa sababu ya soka. Sifa ya kuongoza, ambayo kwa mwenzao ilizaa kitambaa cha unahodha, kwao ilitumiwa na wakubwa kwa kazi nyingine.

Hilo lingekuwa historia ya kusikitisha tu kama lingekuwa limekwisha. Halijaisha. Ituri imekuwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura tangu Mei 2021, na bado wapiganaji wa CODECO, wa ADF na wa makundi mengine wanaua. Februari 2022 watu wapatao 60 waliuawa usiku katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo. Juni 2023 zaidi ya 40 waliuawa katika kambi ya Lala. Pembezoni mwa Bunia, katika kambi ya Kigonze, wapo watoto waliozaliwa wakimbizi na hawajawahi kuona kijiji cha wazazi wao. Wanacheza mpira pale kati ya mahema, kwa mpira wa matambara na mifuko ya plastiki. Wanacheza vizuri.

Soka hulipa mlezi

Kuna jambo ambalo viongozi wa michezo wa Ituri wanapaswa kulijua kwa kichwa. Kanuni za FIFA haziweki senti moja kwa ajili ya mji ambao mchezaji alizaliwa. Zinawalipa waliomlea. Mchezaji wa kulipwa anaponunuliwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawanywa kwa klabu zote zilizomfundisha kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada yote, na kila mwaka kati ya 16 na 23 asilimia 0.5.

Kwa hesabu rahisi, klabu ya mtaani iliyomlea kijana kwa misimu minne, akiwa na miaka 12 hadi 15, itapata dola 10,000 siku atakapouzwa kwa dola 1,000,000. Ikiendelea naye misimu miwili zaidi, kiasi hicho kinakuwa mara mbili. Kwa klabu ya Bunia hiyo ni fedha ya kusawazisha uwanja, kununua mipira na kulipa makocha. Na mchezaji mmoja anaweza kuuzwa zaidi ya mara moja.

Lakini malipo hayo hayaji kwa maneno ya mashahidi. Yanakuja kwa karatasi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu inayofuatilia kumbukumbu za kila mchezaji na kugawa fedha hizo. Jina lisilosajiliwa halilipwi. Timu ambazo vijana wanapita bila kuandikwa popote, zinazopanga kikosi kwa kukutana uwanjani jioni, zinapoteza haki yake kabla hata mtoto hajajulikana.

Na usajili huo unaanza na cheti cha kuzaliwa. Sheria ya familia ya Kongo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Mama aliyejifungua akiwa njiani anakimbia, au katika kambi iliyo mbali na ofisi ya serikali, siku hizo 90 humpita. Mtoto wake anakua bila karatasi inayothibitisha umri wake wala uzawa wake. Siku atakapoonwa na mtafuta vipaji, swali la kwanza litakuwa hilo.

Pasipoti ya mtoto wa miaka 4

Suala la karatasi haliwahusu waliobaki peke yao. Linawahusu pia waliokwenda.

Desemba 2025, baada ya kutolewa Rabat, shirikisho la soka la Nigeria lilitangaza kwamba limewasilisha malalamiko FIFA kuhusu uhalali wa baadhi ya wachezaji wa DR Congo waliobadilisha timu ya taifa. Hoja yake ilitoka katika sheria ya Kongo yenyewe. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee, na hauwezi kushikwa pamoja na uraia mwingine. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 inafuata msimamo huohuo.

Wakongo wengi walikasirika, na kwa upande wa mpira hasira hiyo inaeleweka: mechi huamuliwa uwanjani, na FIFA ina kanuni zake za nani anaruhusiwa kuchezea nchi gani. Lakini hasira haijibu swali ambalo malalamiko hayo yaliliacha mezani. Nchi inawaita watoto wake waliokulia Ulaya waje kuivalia jezi, inaimba majina yao, kisha katika sheria yake mama inaandika kwamba aliyechukua uraia wa nchi nyingine si wake tena. Mtoto wa miaka 4 hachagui pasipoti. Aliyepelekwa na wazazi, akapewa hati za nchi iliyompokea, hakuikana Kongo.

Upo upande wa pili wa hoja hii na haufai kudharauliwa. Mashariki mwa nchi, neno uraia limemwaga damu. Wapo wanaoogopa kwamba kufungua mlango wa uraia pacha kutawapa nafasi watu wenye utii kwa serikali nyingine kukamata madaraka, ardhi na jeshi. Hofu hiyo ina historia yake. Lakini sheria inaweza kutofautisha. Inaweza kuweka masharti makali kwa anayetaka kuwa rais, waziri, mbunge au jenerali, na wakati huohuo ikamwacha mwana wa Bunia, Kinshasa au Bukavu aliyezaliwa Mkongo abaki Mkongo. Sheria ya 2004 tayari inatoa njia ya kurudishiwa uraia kwa aliyeupoteza. Njia hiyo ifanywe nyepesi na ya wazi, hata kabla Bunge halijaamua kuigusa Katiba.

Anayenufaika hapo si mwanasoka mmoja. Ni muuguzi aliyesomea Ubelgiji, fundi aliyeko Kampala, mwalimu aliyeko Canada, na wote waliotoka Ituri katika miaka ileile ambayo Tuanzebe alitoka, wanaotuma fedha za ada na dawa kila mwezi bila nchi yao kuwaita kwa jina.

Nahodha husema

Februari 2024, mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa dhidi ya Ivory Coast, wachezaji wa Leopards waliokuwa wanaongozwa na Mbemba walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bastola wakati wimbo wa taifa unapigwa. Dunia iliyokuja kutazama mpira ililazimika kuuliza kuna nini mashariki mwa Kongo. Walipoteza mechi ile 1-0, lakini walikuwa wameshafanya kazi ambayo mabalozi wengi hawakuifanya.

Mbemba alikulia Kinshasa na kuondokea huko kwenda Anderlecht, kisha Newcastle, Porto, Marseille na Lille. Tuanzebe alikulia Rochdale. Leo wako katika safu moja ya ulinzi. Njia mbili tofauti zimekutana kwenye jezi moja, na hilo linatosha kuonyesha kwamba Kongo haihitaji kuchagua kati ya watoto wake wa ndani na wa nje. Inahitaji kuwatambua hawa na kuwalea wale.

Hivyo kazi zipo, na kila mmoja anajua yake. Utawala wa jimbo, ambao kwa miaka hii umekuwa wa kijeshi, upimwe pia kwa idadi ya barabara ambazo timu ya vijana inaweza kusafiri bila kuogopa kuviziwa, kwa sababu ligi isiyoweza kutoka mji hadi mji si ligi. Viwanja vya wazi vya Bunia vilindwe dhidi ya wanaovimega kujenga nyumba na maduka. Ofisi ya hali ya kiraia ipeleke daftari lake kambini badala ya kusubiri mama wa kambini aifuate mjini. Vilabu vianze kuandika majina ya watoto wao, umri wao na msimu waliocheza, hata kama leo ni katika daftari la shule, na shirikisho lihakikishe kumbukumbu hizo zinafika zinakotakiwa. Wabunge wa Ituri walipeleke suala la uraia Kinshasa na kulisimamia.

Wazazi nao wasidanganywe na picha za magari ya wachezaji. Kwa kila mmoja anayefika Ligi Kuu, maelfu hawafiki, na hata aliyefika alikaa miezi mingi akiuguza majeraha na siku nyingine bila timu. Shule isiachwe. Mpira uende pamoja nayo, kama ulivyokwenda kwake.

Na Tuanzebe mwenyewe asigeuzwe kuwa mfuko wa kuombea kila kitu. Akitaka kuja, apokelewe kama mtoto wa nyumbani. Akitaka kusaidia, asaidie kwa hiari yake. Jukumu la kuwalinda na kuwalea watoto wa Ituri si la mchezaji wa Burnley. Ni la serikali iliyolichukua kwa kiapo.

Leopards watakapocheza, redio zitawashwa Mudzipela na Lumumba, na sehemu ambako kuna jenereta watu watabanana mbele ya televisheni. Mtangazaji atasoma majina ya kikosi, na kama Tuanzebe yumo, Bunia itapiga makofi. Ipige kwa nguvu. Kisha asubuhi yake mtu mmoja mwenye mamlaka atembee hadi Kigonze, awatazame wavulana na wasichana wanaofukuzana na mpira wa matambara, ajiulize ni wangapi wana cheti cha kuzaliwa, na aanze na hilo.